Jina jipya, tovuti ile ile: nikisoma upya makala ya Berners-Lee ya 1998

Mwezi Machi nilipigiwa simu na mwenyekiti wa kamati ya maji wa kijiji kimoja mkoani Arusha. Mzee wa watu hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniambia: "Kijana wangu, ile stika yenu ya kwenye kisima, ukiifuata kwenye simu inatuletea mambo ya kubeti. Mmebadilisha kazi?"

Hatukubadilisha kazi. Tulichofanya ni kuacha jina la tovuti life. Na aliyelifunga lile jina kwenye tovuti yetu, kwa mikono yake, akijisifu kwamba amelifunga vizuri, ni mimi.

Niwape historia kwa ufupi. Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili nilifanya kazi kama msaidizi kwenye mradi wa kupima floridi kwenye maji ya visima. Kaskazini mwa Tanzania, kwenye miamba ya volkano na ukanda wa Bonde la Ufa, floridi iko juu sana sehemu nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo kwa miaka, meno ya watoto yanapata madoa ya kahawia, na ikizidi sana mifupa inaharibika. Wazazi wanataka kujua kisima kipi kina afadhali. Kwa hiyo tulipima, tukaweka matokeo kwenye tovuti, tukabandika stika kwenye kila kisima: ingiza anwani hii kwenye simu yako, uone maji haya yakoje.

Tatizo lilikuwa anwani. Tovuti ilikaa kwenye seva ya chuo, na anwani yake ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo: jina la chuo, jina la idara, folda ya mradi, kisha faili linaloishia na .php, alama ya kuuliza, na namba ya kisima. Nani ataandika hayo yote kwenye simu akiwa ameshika ndoo? Tukanunua jina jipya, fupi, linaloishia na .org, na nikapewa kazi ya kulielekeza kwenye tovuti iliyokuwepo.

Mwongozo wangu ulikuwa makala moja maarufu sana. Aliiandika Tim Berners-Lee, mgunduzi wa wavuti mwenyewe, mwaka 1998, na inaitwa "Cool URIs don't change", yaani, kwa tafsiri yangu, anwani safi hazibadiliki. Ni fupi, ina utani, na mpaka leo ipo kwenye tovuti ya W3C pale pale ilipowekwa. Kwa mtu anayehubiri uthabiti wa anwani, hiyo peke yake ni hoja. Watu wanaotengeneza tovuti wanaitaja kama msahafu. Na mimi niliitaja hivyo hivyo kwenye kikao cha mradi, tena kwa sauti kubwa.

Leo nataka kuihakiki. Sitaki kuibeza, kwa sababu sehemu kubwa ya inachosema ni kweli na bado kinahitajika. Ila kuna mahali inamwacha msomaji peke yake, na ni mahali hapo hapo tulipoangukia.

Hoja yake kuu ni kwamba anwani hazibadiliki zenyewe. Watu ndio wanaozibadilisha. Anapitia visingizio vya wasimamizi wa tovuti kimoja kimoja: tulipanga upya tovuti, fulani hasimamii tena lile faili, tumebadilisha programu. Kila kimoja anakijibu kwa ukali wa mwalimu anayekupenda. Kisha anafundisha kubuni anwani itakayodumu miaka 2, 20, hata 200. Unaondoa kila kitu kinachoweza kubadilika: jina la mwandishi, hali ya andiko kama "rasimu" au "la zamani", kiambishi cha aina ya faili, jina la programu inayoendesha ukurasa. Tarehe ya kuundwa unaweza kuiacha, kwa sababu haitabadilika. Anatoa mfano wa anwani ya NSF, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili sayansi, iliyokuwa na cgi-bin na .pl ndani yake, na anatabiri kwamba kitu cha namna hiyo huwezi kukitegemea baada ya miaka michache.

Kwa kipimo hicho, anwani yetu ya chuo ilikuwa kila kitu alichokikataza: .php, alama ya kuuliza, jina la idara ambayo ilikuwa inasemekana itaunganishwa na nyingine. Jina jipya lilikuwa mwanafunzi wake bora: jina, mkwaju, namba ya kisima, basi.

Matokeo? Ile mbaya inafungua mpaka leo ninapoandika. Ile safi ndiyo inayochezesha kamari.

Ili tuone kwa nini, inabidi tuangalie kuelekeza jina ni kufanya nini hasa. Wengi tunadhani ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu tofauti, na vyote vitatu nilivipitia, kwa aibu.

Kwanza nilikwenda kwenye DNS. Huu ni mfumo unaobadili jina kuwa namba ya IP, na umekuwepo tangu 1983, Paul Mockapetris alipouandika. Nikaandika kwamba jina letu jipya namba yake ni ile ya seva ya chuo. Nikafungua: ukatokea ukurasa wa idara nyingine kabisa. Sababu ni kwamba seva moja inabeba tovuti nyingi, na inatambua unataka ipi kwa kusoma jina ambalo kivinjari kinalituma pamoja na ombi. Seva ya chuo haikulijua jina letu, ikatoa ukurasa wake wa kwanza kwenye orodha. Ni kama umemwelekeza mgeni kwenye jengo la ghorofa kumi ukamwambia aulizie mtu ambaye mlinzi hajawahi kumsikia. DNS inakufikisha getini tu.

Pili nikatumia huduma ya kampuni iliyotuuzia jina, ile wanayoiita ya kuficha anwani. Hii inafungua tovuti yako ndani ya fremu, huku juu kwenye kivinjari linabaki jina jipya. Wakubwa wa mradi waliipenda sana, jina linang'aa muda wote! Lakini ukibofya kisima namba 14, anwani haibadiliki. Namba 15, haibadiliki. Huwezi kumtumia jirani kiungo cha kisima chake. Kwa mradi ambao kazi yake nzima ni kuonyesha kisima hiki na si kile, hiyo ilikuwa sawa na kutokuwa na tovuti. Na siku hizi tovuti nyingi zinakataa kabisa kufunguliwa ndani ya fremu ya mtu mwingine, kwa sababu wezi wa nywila wanapenda mbinu hiyo.

Njia ya tatu ndiyo kuelekeza upya kwenyewe. Kivinjari kinaomba ukurasa kwa jina jipya, na seva inajibu kwa ujumbe mfupi: nenda anwani hii hapa. Ujumbe huo una msimbo. 301 maana yake kimehama moja kwa moja. 302 maana yake kwa sasa kiko kule. Nikachagua 301, kama karibu kila mwongozo unavyosema, nikahakikisha kila njia inabebwa: /14 inakwenda kisima 14, haimwagwi ukurasa wa mbele. Nikaweka na cheti cha usalama cha Let's Encrypt, maana bila cheti chenye jina jipya, anayeingia kwa https anakutana na onyo jekundu kabla hata hajaelekezwa. Watu wengi wanasahau hili, wanajaribu kwa http, wanaona inafanya kazi, wanaenda kulala.

Ikawa safi. Nilijiona fundi.

Sasa rudi kwenye ule msimbo, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo makala ya Berners-Lee haimfundishi mtu kuuliza. Kiwango cha HTTP kinaeleza kwamba 301 inamwambia aliyeomba: kuanzia leo tumia anwani unayopelekwa. 302 inamwambia kinyume: endelea kutumia anwani uliyoomba, huko unakopelekwa kunaweza kubadilika. Yaani kila unapoelekeza jina moja kwenye jingine, umetamka ni lipi jina halisi na lipi ni la kupitia. Vivinjari vinalichukulia tamko hilo kwa uzito, vinaikumbuka 301. Mitambo ya kutafuta pia inalisikiliza inapoamua ni anwani ipi ionyeshe.

Kwa hiyo sisi tuliiambia mashine kwamba jina halisi ni lile refu la chuo. Binadamu tukawaambia, kwa wino usiofutika kwenye visima 60, kwamba jina halisi ni lile fupi. Mashine ilipewa ukweli. Wanakijiji walipewa jina la kupitia.

Na hilo la kupitia lilikuwa la kukodi. Hapa ndipo ugomvi wangu na makala unapoanza. Berners-Lee analigusa suala la umiliki wa kikoa kwa haraka sana. Anasema, kwa maana, mwenye jina la kikoa ndiye mwenye anwani zote zilizo chini yake, na labda afilisike, hakuna kinachomzuia kulishika. Kisha anaendelea na mambo ya kubuni. Jamani! Hiyo "labda afilisike" ameipita kama shimo dogo la barabarani, na kwa miradi ya utafiti ya kwetu ndiyo barabara yenyewe. Mradi unafadhiliwa miaka mitatu. Baada ya hapo hakuna aliyefilisika. Mfadhili anaendelea, chuo kinaendelea, wahusika wameajiriwa kwingine. Ila hakuna tena bajeti yenye mstari unaosema "ada ya jina la tovuti". Barua pepe za kukumbusha malipo zilikuwa zinakwenda kwenye akaunti ya mratibu aliyekwisha kuondoka.

Wala siwezi kusema mwaka 1998 jambo hili lilikuwa halijulikani. Majina ya .com, .org na .net yalikuwa bure mpaka Septemba 1995. Kuanzia hapo kampuni ya Network Solutions ikaruhusiwa kutoza dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza. Na aliyeruhusu ni NSF, taasisi ile ile ambayo makala inaicheka kwa anwani yake mbaya. Miaka mitatu kabla ya makala, jina lilikwisha kuwa kodi ya pango. Berners-Lee aliliona jambo hili, nitakuwa mnafiki nisipokiri. Baadaye aliandika andiko jingine kuhusu wazo la vikoa vya kudumu. Lakini hilo hakuna anayelitaja vikaoni. Tunataja la 1998, tunachukua ushauri wa kuondoa .php, tunaliacha swali la nani atalipa.

Kwa majina ya .org na wenzake, muda ukiisha halifi siku hiyo hiyo. Kuna siku za neema, kisha siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kulikomboa kwa faini, kisha siku chache za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo ni la yeyote. Na kuna watu kazi yao ni kukaa mlangoni kusubiri majina yanayofutwa, hasa yale ambayo tayari yana viungo na watembeleaji. Sifa za jina letu, kwamba ni fupi na limebandikwa mahali pengi, ndizo zilizolifanya liwindwe. Ile anwani ya chuo yenye .php nani ataiwinda? Iko chini ya .ac.tz, kikoa cha chuo kizima, na chuo hakiwezi kuacha kukilipia, kwa sababu siku kikiacha, barua pepe za makamu mkuu wa chuo zinakatika. Anwani yetu mbaya inaishi kwa kujificha nyuma ya mtu mkubwa. Makala haikunifundisha kwamba ubora wa anwani unaweza kuwa huo.

Mtu atasema: hilo ni tatizo la uzembe wenu, usimsingizie Berners-Lee. Uzembe upo, nimeukiri. Lakini angalia kilichoipata anwani yake mwenyewe. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti ulikaa CERN, Geneva, kwenye info.cern.ch, ndani ya folda iitwayo hypertext/WWW. Yeye aliondoka CERN mwaka 1994. Kwa miaka mingi baadaye, anwani ile ya kwanza ilikuwa haina kitu. Ukiifungua ulielekezwa tu kwenye ukurasa wa mbele wa info.cern.ch. Mpaka Aprili 2013, CERN ilipoamua kuurudisha ukurasa mahali pake pa asili, na nakala waliyoweza kuiweka ni ya 1992, kwa kuwa ya mwanzo kabisa haikuwepo mikononi.

Hebu fikiria. Jina halikupotea, CERN haikufilisika, na aliyebuni anwani ni mtu aliyeijua kazi hiyo kuliko binadamu yeyote. Bado ilizimika, na ilizimika kwa ile aina mbaya kuliko zote ya kuelekeza: kumwaga kila mtu ukurasa wa mbele. Naiita mbaya kwa sababu inadanganya. Ukipata 404 unajua kitu hakipo, unatafuta kwingine. Ukimwagwa ukurasa wa mbele, kila kitu kinaonekana kizima, na chombo kinachokagua viungo kinaweza kupitisha kiungo hicho kuwa salama. Kilichoirudisha 2013 si ubunifu wa anwani. Ni watu waliopewa muda na ridhaa ya taasisi kufanya kazi hiyo.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Mwaka 2014 Jonathan Zittrain na wenzake waliangalia viungo vilivyonukuliwa kwenye hukumu za Mahakama Kuu ya Marekani wakakuta nusu haviongozi tena kwenye kilichonukuliwa. Mwaka 2024 Pew Research Center walikuta asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 hazifikiki tena miaka kumi baadaye. Siamini kwamba wote hao walishindwa kwa sababu waliandika .pl kwenye anwani.

Kuna sehemu moja ya sayansi iliyoliona swali kwa usahihi, nayo ni mfumo wa DOI, zile namba zinazoanza na 10 mwishoni mwa makala za majarida. Wanafunzi wengi wanadhani DOI ni hifadhi. Hapana, ni kuelekeza upya na si zaidi. Ukifungua doi.org na namba, seva inakujibu 302, inakupeleka kwa mchapishaji. Angalia tena: 302, si 301. Jina la kushika ni hili ulilonalo mkononi, huko unakokwenda ni kwa sasa tu. Crossref, iliyoanza mwaka 2000, inawafunga wachapishaji kwa makubaliano kwamba wakihamisha makala wasahihishe rekodi. Hata mfumo wenyewe ulipofupisha anwani yake kutoka dx.doi.org kuwa doi.org, ile ya zamani haikuachwa ife. Kwa macho ya makala ya 1998, DOI ni sura mbaya: namba zisizosomeka, mikwaju, mabano wakati mwingine. Inadumu kwa sababu kuna chombo chenye wanachama, ada na kanuni, ambacho kazi yake ni kuelekeza, si kazi ya ziada ya msaidizi wa mradi.

Kwa hiyo ningekuwa naiandika upya makala ile kwa ajili ya wenzangu tunaonunua majina mapya na kuyaelekeza kwenye tovuti zilizopo, ningeweka swali moja kabla ya ushauri wote wa kubuni: kati ya majina haya mawili, lipi litalipiwa na mtu ambaye bado hajaajiriwa? Hilo ndilo la kuchapisha. Jingine litumie kwenye redio, kwenye fulana, kwenye mabango ya semina ya siku mbili. Usilipake kwenye zege.

Pia ningepunguza kejeli kwa wasimamizi wa tovuti. Berners-Lee anawasema kana kwamba wana mamlaka. Anayepewa nywila ya seva kwetu mara nyingi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye hata hajui jina limesajiliwa kwa kadi ya benki ya nani. Ukimwambia huyo kwamba anwani hazibadiliki zenyewe, umemwambia ukweli usiomsaidia chochote.

Jina letu hatujalirudisha. Tuliuliza bei, tukaacha. Data tumeziweka Zenodo, hazina ambayo CERN waliianzisha 2013 na inayotoa DOI bila malipo, kwa ajili ya watafiti. Kwa ajili ya visima nilirudi na mwenzangu mwezi Mei, tukakwangua stika za zamani kwa kisu na mafuta ya taa. Mpya zina matokeo yenyewe juu yake kwa herufi kubwa: namba ya kisima, miligramu kwa lita, tarehe tuliyopima. Anwani iko chini kabisa kwa maandishi madogo, na ni ile ndefu, yenye .php na alama ya kuuliza. Mwenyekiti aliisoma yote kwa sauti, akanyamaza kidogo, akauliza kama hakuna fupi.